Mkono Unaosomeka

Kiangazi hiki nilirudi Mpanda kwa sababu niliambiwa kwenye simu kwamba Mama Vene haoni tena. Aliyenipigia ni Dafroza, ambaye sasa ndiye anayeendesha kazi yote pale mtaa wa Makanyagio, na alilisema jambo lile kama mtu anayetaja hali ya barabara: jicho la kulia limezimika, la kushoto linaona mwanga na vivuli, na mwenyewe hataki kusikia pole ya mtu. Katika watu wote niliowahi kuwafahamu, huyu ndiye niliyemwona akiyatumia macho yake kwa haki. Sisi wengine tunatazama, tunaona tulichokuja kukiona, tunaondoka. Yeye alikuwa anasoma, na alichokuwa anasoma, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa, ilikuwa mikono ya wanawake.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama zangu hazinipeleki popote, na mtu mmoja kanisani akasema kuna mama mjini anatafuta binti mwenye mwandiko mzuri. Hilo tu ndilo sharti lililotajwa, mwandiko. Jina lake kamili lilikuwa Veneranda, watu wamelikata likabaki Vene, na la Mama likaongezwa kwa heshima, maana hakuwa na mtoto. Alikuwa ametumia nusu ya maisha yake katika maabara ya kituo cha afya, jicho moja kwenye darubini akihesabu vijidudu vya malaria, na alipostaafu alikodi chumba kilichokuwa cha fundi cherehani, akaanza kutengeneza mafuta ya kupaka. Ukutani bado zilikuwepo alama za chaki za fundi yule, vipimo vya mabega na viuno vya watu nisiowajua. Kulikuwa na meza moja ya mninga, jiko la mkaa, sufuria tatu ambazo hakuna aliyeruhusiwa kupikia chakula, mizani ndogo, na rafu ya makopo yaliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Chumba kilinuka nta ya nyuki. Na chini ya harufu ile, ukikaa kidogo, ilikuja nyingine niliyoifahamu tangu utotoni, ila sikuwahi kuitegemea mahali kama pale: harufu ya mlenda.

Ndiyo, mlenda, ule wa kula na ugali. Mama Vene alikuwa na wazo ambalo mwenyewe aliliita swali, akikataa kabisa kuliita ugunduzi. Alisema ukiuvuta mlenda kwa kidole unaona unavyoyakamata maji, hauyaachii yadondoke. Je, ukiwa kwenye ngozi nao hauwezi kuyakamata maji yasikimbie? Basi alikuwa akianika majani, anayaloweka usiku kucha, anachuja ule utelezi kwa kitambaa mara tatu, kisha anauchanganya na nta na mafuta ya alizeti mpaka inatoka krimu laini ya rangi ya maziwa yaliyoingia majani ya chai kidogo. Kwa kuwa ilikuwa na maji, haikukaa. Baada ya siku chache iliota ukungu, kwa hiyo tulipika kidogo kidogo kila Jumatatu. Nyuma ya ukuta wa mbao uliotutenga na saluni, wanawake waliokuwa wakisukwa nywele walitusema bila kushusha sauti. Siku moja nilimsikia mmoja akiuliza kama ni kweli yule mama anapaka watu mboga. Mwenzake akajibu kwamba ni kweli, na kwamba ukimaliza kupakwa unatafuta tu tonge. Nilitazama chini kwa aibu. Mama Vene aliendelea kukoroga, kisha akauambia ukuta, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba tonge lipo, waje nalo saa saba. Upande wa pili walicheka mpaka kitana kikaanguka, na kuanzia siku ile wakawa majirani wa kwanza kutusalimia kwa majina.

Ninachokikumbuka zaidi kuliko chochote ni jinsi alivyopima. Hatukuwa na kifaa. Alisema mijini wana mashine unayoigusisha kwenye ngozi ikakuambia unyevu, na kwamba asingekaa akiisubiri. Kila mtoto wa Katavi anajua kwamba mwezi wa nane, upepo mkavu ukishaanza, mguu unageuka ubao: unachukua ujiti wa nyasi, unaandika jina lako kwenye goti, nalo linatokea jeupe. Mama Vene aliuchukua mchezo huo akaufanya kipimo. Mimi, mwenye mwandiko, naandika herufi moja kwenye mkono wa mwanamke aliyepakwa kwa njiti ya kiberiti isiyo na kichwa, bila kukandamiza, herufi tofauti kila safari. Yeye anakuja akiwa hajui ni herufi gani, anasimama umbali wa mkono mmoja, anaisoma. Akiitaja sawa bila kusita, naandika kwenye daftari "inasomeka". Akikosea au akikunja uso, naandika "kwa shida". Akisema haoni kitu, naandika "haisomeki", na hiyo ndiyo ilikuwa furaha yetu, maana ngozi isiyosomeka ni ngozi iliyoshiba. Nimeandika maneno mengi tangu wakati ule, na watu wamenisifu kwa baadhi yake, lakini sijawahi tena kufanya kazi ambayo ufanisi wake ni neno kutoonekana.

Uwanja wetu wa majaribio ulikuwa kijiji cha Kabungu, kwa wanawake ishirini waliokubali. Nilihamia kwa Bibi Sabina, mjane mnyoofu kama mchi, aliyekuwa ameishi Tanzania tangu usichana wake na bado akinisalimia "Amahoro", yaani amani, kila asubuhi kama vile nimetoka safari. Lugha ya nyumbani kwetu ilikuwa moja, yeye na mimi, na nadhani ndiyo sababu Mama Vene alinituma mimi. Kulikuwa na makopo mawili. Moja lilifungwa uzi mwekundu, lilikuwa na mlenda. La uzi mweusi lilikuwa na krimu ileile, nta ileile, alizeti ileile, ila badala ya mlenda maji matupu. Kila mama apakwe moja mkono mmoja na jingine mkono wa pili, kila asubuhi, na asipake kitu kingine chochote. Mkono gani upate kopo gani, hiyo haikuwa kazi yangu kuamua. Mama Vene alinipa mfuko wenye punje za mahindi na maharage. Mama anaingiza mkono anachota moja. Hindi: uzi mwekundu kulia. Haragwe: uzi mwekundu kushoto. Nilipaswa kuandika katika daftari dogo la pekee, ambalo yeye asingelifungua mpaka majuma mawili yaishe, ili macho yake yasije yakajua yanachotaka kuona. Alinieleza mara mbili, akanifanya nimrudishie maelezo, akaniambia: "Mfuko ndio unaoamua, Espe. Wewe ni mkono wake tu."

Asubuhi ya kwanza, uani kwa Bibi Sabina, wanawake wamekaa kwenye mikeka na watoto wao, wa kwanza kuchota alikuwa bibi mwenyewe kwa kuwa ni mwenye nyumba. Akatoa haragwe. Nikafungua kopo la uzi mwekundu, harufu ya mlenda ikatoka, wote wakajua hicho ndicho kile cha maana kilichotoka mjini. Nikaushika mkono wake wa kushoto. Hakuuvuta. Aliutazama tu, kisha akanitazama mimi, taratibu, bila hasira, kama unavyomtazama mtoto aliyejisahau mbele ya wageni. Kwetu kitu chema kinapokelewa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unakuja chini yake kuushika, kuonyesha kwamba umepokea kwa moyo wote. Mkono wa kushoto peke yake haupewi kitu. Nilihisi masikio yanapata moto. Nikaurudisha ule mkono pajani kwake, nikachukua wa kulia, nikapaka. Aliyefuata alitoa hindi, bahati nzuri. Wa tatu akatoa haragwe, naye nikampaka kulia, sasa bila hata kusita, na mpaka wa ishirini nilikuwa nimeacha kutazama walichochota. Sikuandika uongo. Kwenye daftari dogo niliandika "kulia" mara ishirini, kwa mwandiko ule mzuri nilioajiriwa kwa ajili yake, na nikalala nikiwa na amani kwamba nimewaheshimu mama zangu.

Majuma yale mawili yalikuwa matamu. Mchana Mama Vene alifika kwa bodaboda, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, ananawa, anakula nasi ugali na migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa, kisha anaanza kusoma mikono, mara moja saa nane na mara nyingine kabla ya kuondoka jioni. Wanawake walimpenda kwa sababu alisoma kwa heshima, mikono yake nyuma, kama mtu anayesoma tangazo ofisini. Dafroza, ambaye wakati ule alikuwa mama kijana mwenye mtoto wa kwanza, alikuwa akimtania kwamba siku moja ataisoma namba ya simu ya mume wa mtu. Na mambo yalionekana wazi hata bila daftari: mkono mmoja umetulia, unang'aa kidogo, hausomeki, mwingine mweupe kama ulipitiwa na majivu. Katikati ya juma la pili, mwanamke mmoja wa Dar es Salaam mwenye duka la vipodozi vya asili alipiga simu. Alikuwa amesikia habari za mlenda, akasema kama majibu ni mazuri anataka kuyauza mafuta yetu dukani kwake, lakini anahitaji kujua kabla mvua hazijaanza, maana msimu wa watu kununua mafuta mazito ndio huo. Nilimwona Mama Vene akiisikiliza simu ile akiwa amesimama jua likimpiga usoni, akijibu "nitakujulisha", na mkono wake mwingine ukikunjua na kukunja kitambaa. Alikuwa anakitaka kitu kile. Nasema hivi ili nisije nikamfanya malaika. Alikitaka sana.

Jumatatu iliyofuata tulifungua daftari dogo juu ya meza ya mninga. Alikuwa ameshapanga yote aliyoyasoma kwenye karatasi kubwa, kulia huku, kushoto huku, na tofauti ilikuwa kubwa mno hata mimi niliiona nikiwa nimesimama mlangoni. Alivaa miwani, akafungua ukurasa wangu. Akapitisha kidole kutoka mstari wa kwanza mpaka wa ishirini. Akapitisha tena kutoka chini kwenda juu. Saluni ilikuwa na redio, na nakumbuka nikiomba isizimwe.

"Mfuko ulikuwa na maharage?" akaniuliza.

"Yalikuwepo, Mama."

"Yalikwenda wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu Bibi Sabina na ule mtazamo wake, na kwamba nisingeweza, na kwamba mkono ni mkono, ngozi ya kulia na ya kushoto si zote ni za mtu mmoja? Nilitegemea anifokee. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akasema twende Kabungu. Hakupeleka kipimo chochote siku ile. Aliomba kigoda, akakaa pembeni ya ua wa Bibi Sabina kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, akawatazama wanawake wakiendelea na kazi zao. Mimi nilikaa karibu naye nikiwa sijui natazama nini. Mwishoni aliniinamia, akasema polepole, "Watoto wote wako kushoto." Nikatazama. Dafroza alikuwa anakoroga uji kwa kulia, mtoto amelala kwenye mkono wake wa kushoto, shavu na mate na kishati chake vinasugua pale pale tulipokuwa tunapaka. Yule mwingine anapepeta, mtoto kushoto. Yule anasalimia mgeni, mtoto kushoto, maana wa kulia ndio wa kufanyia kazi na wa kusalimia. Hata Bibi Sabina alikuwa na mjukuu ambaye hakuwa akimweka chini. Siku zote zile makopo mawili hayakuwa yameshindana peke yake. Upande mmoja ulikuwa unafutwa na watoto asubuhi mpaka jioni.

Tulirudi Makanyagio. Wenzake wawili waliochanga naye mtaji, walipoelezwa, walisema mambo ambayo hata mimi nilikuwa nayasema moyoni: kwamba mlenda huenda ni mzuri vilevile, kwamba yule wa Dar hajui habari za mahindi na maharage wala hatauliza, kwamba mawingu yameshaanza kukusanyika upande wa ziwa na mvua ikinyesha hakuna mkono utakaosomeka mpaka mwakani. Yote yalikuwa kweli. Mama Vene alikubali kila moja kwa kichwa. Kisha akachukua ile karatasi kubwa, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, mahali ilipokaa miaka yote niliyomfahamu, akaniambia niende kuloweka majani. Hakuwahi kunilaumu kwa neno hata moja. Aliniadhibu kwa namna nyingine: alisema mimi ndiye nitakayewaambia wanawake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa sijawahi kumwambia mtu mzima kwamba heshima niliyompa ilikuwa kosa. Nilianza na Bibi Sabina, jikoni kwake, wakati anachagua mchele uliotoka kijiji cha Mamba. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, na nikamwambia kwamba safari hii mfuko ukisema kushoto itabidi nimpake kushoto, na kwamba siwezi kumfafanulia vizuri ila mkono wa kushoto nao lazima uulizwe. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Halafu akasema: "Kwa hiyo siku ile hukuniheshimu. Uliniogopa." Akauweka ungo chini, akanyoosha mkono wa kushoto, na wa kulia akaupitisha chini yake kuushika, kinyume kabisa cha desturi, kama anayepokea zawadi. "Leta huo mfuko," akasema. Alipochota alitoa hindi. Tulicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na wale wengine kumi na tisa, walipoona bibi amekubali, walinyoosha mkono wowote ulioitwa.

Tulipata siku tisa. Siku ya kumi, saa saba mchana, upepo ulinukia udongo uliolowa, na kabla Mama Vene hajashuka kwenye pikipiki matone yalianza kupiga mabati. Alisoma mikono chini ya upenu, kwa ukaidi, mmoja baada ya mwingine, na kila mkono haukusomeka, wa mlenda na wa maji matupu, hata uso wangu usingesomeka. Alifunga daftari. Zile siku tisa zilitupa jibu dogo. Saa nane mchana mkono wenye mlenda ulikuwa mara nyingi hausomeki, huku ule wa maji matupu ukisomeka kwa shida. Ikifika jioni, yote miwili ilisomeka sawa. Hiyo ndiyo tofauti yote. Alimpigia yule mama wa Dar, nikiwa nimeshika mwavuli, akamwambia hivyo hivyo: inasaidia kidogo, inasaidia mpaka alasiri. Yule mama akauliza kama hatuwezi kuandika siku nzima, wenzetu wote wanaandika siku nzima. Mama Vene akasema hatuwezi, kwa sababu jioni, kati ya mikono ishirini yenye mlenda, yeye alisoma kumi na sita. Simu haikupigwa tena kutoka kule.

Lakini stika ziliandikwa, kwa mwandiko wangu, na jina la mafuta hayo likawa Mpaka Alasiri. Wa saluni walicheka, wakasema hiyo ni biashara gani inayojisema vibaya. Kisha wakaanza kununua, kwa sababu, kama mmoja wao alivyosema nyuma ya ukuta bila kujua nipo, hilo ndilo kopo pekee linalokuambia lini upake tena. Niliondoka mwaka uliofuata. Nimekuta kopo hilo stendi ya Mpanda, nimelikuta hata Kakese kwenye genge la nyanya, mwandiko umeshachapwa kwa mashine sasa, maneno ni yale yale. Kila ninapotaka kuandika sentensi inayoahidi siku nzima, huwa nalikumbuka.

Nilipofika Makanyagio safari hii nilimkuta amekaa nje ya chumba, kwenye kivuli cha ukuta, ameelekeza uso mahali joto lilipo. Alinitambua kwa mlio wa hatua zangu kabla sijasema. Tulikula ugali na migebuka, mkono wake ukitafuta miiba kwa umakini uleule wa zamani, akaniuliza habari za kazi yangu, akaniambia Dafroza anapima sasa mmea mwingine na anamsumbua kwa maswali, jambo lililompendeza. Halafu, jua lilipoanza kuegemea magharibi, aliniomba njiti ya kiberiti. Akasema asubuhi alijipaka mwenyewe na hana mtu wa kumsomea, Dafroza yuko Kabungu. Akanyoosha mkono wa kushoto. Nikavunja kichwa cha njiti, nikaandika taratibu, bila kukandamiza.

"V," akasema, kabla sijainua njiti. "Naisikia. Ila mimi kusikia hakuhesabiki. Wewe useme."

Nilitazama. Ulikuwa mkono wa kizee, mishipa imesimama, ngozi imelegea kama kitambaa kilichofuliwa miaka mingi, na katikati yake, jembamba, jeupe kidogo kwenye ncha, lilikuwa lile jina lake nililokuwa nimelianza. Nilitamani sana kumwambia kwamba hakuna kitu, kwamba mafuta yamekaa, kwamba kazi ya maisha yake imeshika mpaka saa hii. Alikuwa ameinamisha kichwa, akisubiri kama alivyokuwa akiwasubiri wale wanawake, bila kunisukuma.

"Inasomeka, Mama," nikasema. "Kwa shida, lakini inasomeka."

Akatabasamu kuelekea upande niliokuwepo. "Basi imeshafika alasiri," akasema. "Niletee kopo."